Chombo cha Maua cha Marehemu Abílio

Evaristo Pimenta alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na mji mzima wa Caldas da Rainha uliujua: hakuweza kuona chombo cha udongo bila kukigeuza atazame kitako. Sahani, bakuli, jagi, kikopo cha chumvi, vyote kwake vilikuwa sawa. Kwenye harusi ya mpwa wake kule Óbidos aliletewa supu ya kabichi katika bakuli la kijani lenye ukingo wa mawimbi. Akalinyanyua juu ya kichwa ili asome muhuri uliopigwa chini, supu nayo ikateremka kama supu yoyote ingeteremka, ikamwangukia bibi harusi. Tangu siku hiyo ndugu wa Óbidos wakimwalika humwekea sahani ya karatasi.

Ukimuuliza, jibu analo. "Uso wa chombo unaweza kukudanganya," husema. "Kitako hakijui uongo."

Na habari za uongo aliziweza. Kabla hajastaafu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Magharibi, na katika miaka yote ya kufukuzana na watu waliojifungia chooni alijifunza jambo moja, kwamba mwongo hutambulika kwa kutoa maelezo mengi kuliko aliyoulizwa. Mtu mkweli aliyepoteza tiketi husema nimepoteza tiketi. Mwongo atakueleza na rangi ya kiatu cha aliyemwibia.

Alichokusanya ni vyombo vya karakana moja tu iliyoitwa Moinho, yaani Kinu. Katika miaka ya hamsini vijana kadhaa waliotoka kusomea sanaa Lisbon walikodi kinu kibovu cha upepo nje ya mji, wakajenga tanuri, wakaanza kufinyanga vyombo vilivyopinda. Shingo huku, tumbo kule, midomo miwili pale palipotakiwa mmoja, rangi nyeusi na manjano. Watu wa Caldas tangu enzi za mababu walizoea bakuli za umbo la jani la kabichi na vyura wa udongo wa kutundika ukutani. Siku ya ufunguzi walikwenda, wakala keki za bure, wakauliza kwa huruma kama tanuri limeharibika. Haikuchukua miaka mingi Moinho ikafa. Vyombo vyake vikageuka vya kuwekea misumari na mbegu za maharage, na kuku wengi wa wilaya ile walinywea maji ndani ya sanaa bila kujua. Sasa wenye akili zao, au wasio nazo, wanavigombea kwenye minada.

Lucinda, mke wa Evaristo, hakuvipenda hata kimoja. Yeye alikuwa fundi cherehani, mtu wa mambo yaliyonyooka. "Maskini, hiki nacho kina kibiongo," husema akikipangusa vumbi. Aliweka sheria ndani ya nyumba: kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Siku kikikosekana cha kutoka, atatoka Evaristo.

Lakini kilichomnyima usingizi mzee huyu kilikuwa ndege. Vyombo bora vya Moinho vina ndege aliyechorwa kwa mstari mmoja usiokatika, kasimama mguu mmoja, kageuza shingo anatazama nyuma. Nani alimchora? Hakuna aliyejua, maana vitako vyote vina muhuri wa kinu tu, hakuna jina la mtu. Daktari Norberto Falcão, mng'oa meno na mkusanyaji mwenzake, alishikilia kwamba ni mkubwa wa karakana, na aliyaandika hayo kwenye gazeti la mji, na picha yake mwenyewe juu. Evaristo alishikilia kwamba ni mwanamke.

"Umejuaje?" Norberto humwuliza kila Jumamosi mkahawani, sauti juu ili meza zote zisikie.

"Ndege huyu kachorwa na mtu anayemsubiri mtu."

"Haya! Mzee wetu ndege wameanza kumsemesha. Mpunguzieni kahawa." Watu hucheka, na Norberto hucheka kuwashinda, akionyesha meno yale aliyoyalipia mwenyewe. "Niletee saini, mzee. Saini moja ya mwanamke kwenye kitako kimoja, na mimi nitapanda juu ya meza hii niwaambie watu wote nilikuwa mjinga."

Evaristo hakuomba mengi kwa Mungu. Aliomba afya ya Lucinda, na kabla hajafa amwone yule daktari wa meno juu ya meza.

Siku ya Watakatifu Wote mji wote huhamia makaburini na ndoo na sabuni. Evaristo alishika ndoo huku Lucinda akimsugua mama yake, yaani jiwe la mama yake, kwa nguvu ambazo yule mama akiwa hai asingezivumilia. Ng'ambo ya njia palikuwa na kaburi la kawaida, limeandikwa ABÍLIO CARRIÇO, na kichwani pake shada la maua meupe ya Novemba. Evaristo hakuona maua. Aliona kilichoyabeba. Tumbo limepinda, shingo upande, manjano na nyeusi, na ubavuni ndege wa mguu mmoja anatazama nyuma.

Mwenye macho haambiwi tazama. Aliweka ndoo chini katikati ya njia, watu wakajikwaa, naye akavuka. Akachuchumaa. Kumgeuzia marehemu chombo chake kimejaa maji na maua, siku kama ile, mbele ya mji mzima, hata yeye aliona haya. Basi akaingiza kidole chini ya kitako polepole. Hakugusa muhuri wa kinu. Aligusa mikwaruzo, mirefu, ya msumari uliopita kwenye udongo mbichi kabla ya tanuri. Palikuwa na maandishi.

"Ulikuwa unamfahamu Abílio wangu?"

Nyuma yake alisimama bibi mfupi wa nguo nyeusi, mkoba mkubwa mkononi, na macho ya mtu anayeigeuza nyama buchani kabla ya kuinunua. Alikuwa Deolinda, mjane wa mwenye kaburi. Evaristo alikitoa kidole chini ya chombo kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Abílio?" alisema. "Mama yangu! Abílio! Tulikuwa marafiki sana."

"Abílio hakuwa na marafiki."

"Ndiyo maana tuliiva. Hapakuwa na wa kutuingilia."

"Mlijuana wapi? Jeshini?"

"Jeshini, naam."

"Jeshini walimkataa. Alikuwa na nyayo bapa."

"Pale mlangoni, bibi. Na mimi nilikataliwa siku hiyohiyo." Jasho lilimtoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. "Halafu tukawa tunavua samaki. Kule Foz do Arelho. Kila Jumapili! Mikunga, wale samaki wa umbo la nyoka. Siku moja alivuta mkunga wa urefu huu, saa kumi na robo hivi, upepo unatoka kaskazini, yeye kavaa sweta lake la kahawia lenye kifungo kimoja kimekatika."

Alijisikia mwenyewe akisema. Kwenye treni angemtoza mtu faini kwa lile sweta peke yake.

Deolinda alihamishia mkoba mkono wa pili. "Jumapili," alisema taratibu.

"Jumapili, bibi."

"Alikuwa anavua."

"Alikuwa anavua."

Macho ya bibi yule yakajaa machozi. Akatoa kitambaa mkobani, akapenga kamasi kwa kishindo, akamshika Evaristo mkono. "Tangu nimzike hajaja hata mtu mmoja kumsalimia. Jumapili hii uje kwangu unywe kahawa. Unisimulie habari za huyo mkunga."

Aliporudi ng'ambo, Lucinda alikuwa amesimama na brashi inachuruzika. "Yule mama umemfanya nini analia?"

"Ni mjane wa rafiki yangu."

"Rafiki yupi?"

"Wa kuvua samaki."

"Nani, wewe?" Lucinda alisema. "Wewe unayefumba macho nikifungua kopo la dagaa?"

Jumapili alikwenda, na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Deolinda alimwekea kahawa na zile keki ngumu za Caldas zilizopakwa sukari, ambazo mtu wa umri wake huzila kwa maombi, akakaa mbele yake, mikono magotini, akasema, "Haya." Naye akasimulia. Mkunga alirefuka. Alikuja mkunga wa pili. Abílio akaanguka majini na kofia yake, akatoka na kamba mmoja hai ndani ya kofia. Deolinda alicheka mpaka akajishika ubavu. Jambo la ajabu ni kwamba Evaristo naye alianza kumpenda Abílio huyu wa kubuni, mtu wa maneno machache mwenye kugawana mkate wake, na akiwa njiani kurudi nyumbani alimkumbuka kweli. Na kila Jumapili alipanga kuingiza habari ya chombo, na kila Jumapili mkunga alimtangulia.

Ili asishukiwe alianza pia kupeleka maua kaburini. Hapo ndipo mji ulipomshika. Graciete wa duka la mkate alimwambia Lucinda, huku akimfungia mikate, kwamba mume wake ameonekana na shada la maua, kanyoa vizuri, anaelekea upande wa yule mjane. Lisemwalo lipo, akaongeza Graciete, na kama halipo laja.

Lucinda hakupiga kelele. Alingoja Evaristo akae mezani mbele ya nyama na viazi vyake, akamsimamia.

"Nitakuuliza mara moja. Ni mwanamke au ni chombo?"

"Chombo," alisema Evaristo, macho kwenye sahani.

Lucinda akavuta kiti akakaa kwa uzito. "Bora angekuwa mwanamke. Mwanamke ana kwao, akichoka anarudi." Kisha akamwambia, na safari hii hakuwa anatania, "Unamlisha yule mama uongo ili umwibie marehemu. Mimi nimekuvumilia vibiongo vyako vyote, Evaristo, lakini hili ni la aibu. Jumapili ukamwambie ukweli, la sivyo nitakwenda mimi."

Evaristo hakulala vizuri. Alijua mkewe ana haki. Alijua pia kwamba chini ya yale maua kuna mikwaruzo ya msumari, na mikwaruzo hiyo ilimwita.

Na kama hayo hayakutosha, Norberto naye alinusa. Alimkuta kwa muuza maua.

"Mzee, amekufa nani?"

"Rafiki yangu."

"Wewe rafiki yako ni sahani. Tangu lini mkusanyaji akanunua maua?" Daktari wa meno alimwangalia kama anavyoangalia jino la nyuma. "Mtu hununua maua kwa sababu ya mwanamke au kwa sababu ya chombo cha kuyawekea, na wewe mwanamke ni Lucinda tu. Kiko wapi?"

"Nina haraka," alisema Evaristo, na akaenda zake kwa kuzunguka, kupitia bustani ya ile hospitali ya chemchemi za maji moto, kama jasusi.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martinho imeshapita lakini moshi wa kokwa za kuchoma bado umejaa mitaani na divai mpya imeshaanza kuwafanya wanaume waimbe. Evaristo alifika kwa Deolinda na ukweli wake mdomoni, ameufanyia mazoezi njia nzima. Deolinda hakumpa nafasi. Alikuwa ameshavaa koti.

"Leo hatunywi kahawa. Twende tukamwone."

Walipofika kaburini bibi alisimama mkoba mbele, akamwambia Evaristo huku anatazama jiwe. "Nitakuambia kitu sijamwambia mtu. Kila Jumapili baada ya chakula Abílio alikuwa anavaa shati safi, anaondoka. Unakwenda wapi? Nakwenda kutembea. Anarudi jioni, hasemi. Miaka, bwana Evaristo. Mimi nilijua kuna mwanamke. Nilikuwa nakaa jikoni namfikiria huyo mwanamke, kavaa nini, anacheka vipi. Jumapili zangu zote zilikwenda hivyo." Akavuta pumzi. "Na sasa unakuja wewe, unaniambia alikuwa anavua."

Ule ukweli uliokuwa mdomoni mwa Evaristo ulirudi tumboni wenyewe. Angesema nini? Pole bibi, hapakuwa na mkunga?

"Rafiki kama wewe hawezi kuondoka mikono mitupu," Deolinda aliendelea. "Chukua hicho chombo cha maua kiwe kumbukumbu. Naona huwa unakitazama."

"Mimi?"

"Wewe. Unakitazama kuliko unavyomtazama Abílio."

Hapa mtu mwenye kiasi angetoa maua kwanza, akamwaga maji, kisha akasema asante. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Kabla hajamaliza kusema "siwezi kupokea," mikono yake ilikuwa imeshakinyanyua chombo juu na kukigeuza. Maji ya wiki nzima yalimshukia usoni, yakaingia kwenye kola, yakatokea kwenye viatu. Maua yakamkaa kichwani. Naye akiwa hivyo, na jani limemning'inia kwenye sikio, alisoma. Mwandiko ulikuwa mwembamba, wa haraka, na chini yake ndege mdogo wa mguu mmoja.

*Kwa Abílio wangu wa Jumapili. Rosália.*

Kwanza aliona mwanamke. Rosália! Saini! Aliuona mkahawa wote umesimama, akamwona Norberto anapanda meza, anatafuta pa kuweka mguu kati ya vikombe. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Kisha akasoma mara ya pili, akaona Jumapili ni za nani. Furaha ikamtoka yote, akabaki na maji ya baridi mgongoni.

"Kimeandikwa nini?" aliuliza Deolinda. "Miwani nimeiacha nyumbani."

"Muhuri," alisema Evaristo. "Picha ya kinu."

"Kinu tu?"

"Kinu tu, bibi. Kinu na mbao zake nne, na mlango mdogo, na upepo kidogo unatoka kushoto."

Moyo ulimuuma kweli. Kwa miaka alikuwa amekisaka kitako hiki, na sasa amekipata, hana pa kukipeleka. Akikipeleka nyumbani, ipo siku mtu atakigeuza, maana watu wanaokuja kwake wote ni wageuzaji. Akikiacha hapa na Norberto anazunguka na pua yake, kesho kitakuwa gazetini, na Deolinda atasoma kwa Graciete wakati ananunua mkate. La kukivunja hakulifikiria. Kuna mambo mtu hawezi.

"Siwezi kukichukua," alisema. "Abílio hatanisamehe. Ila kikikaa hivihivi, wezi watakibeba. Nipe ruhusa nikishike kwa saruji."

Deolinda aliinua nyusi, kisha akasema, "Shika."

Mlinzi wa makaburi alikuwa na mfuko wa saruji uliobaki kwenye ukarabati wa ukuta. Evaristo alichanganya saruji kwenye ndoo ya kuoshea makaburi, akapiga magoti na suruali yake ya Jumapili, akapaka tope zito juu ya jiwe. Ndipo akasikia fimbo inagonga njiani. Alikuwa Daktari Norberto, kavaa skafu, lenzi mkononi tayari.

"Nimekuona!" alipiga kelele tangu mbali, hata njiwa wakaruka. "Moinho! Yule ndege! Usikiguse, nionyeshe kitako!"

Evaristo alikikandamiza chombo kwenye saruji kwa mikono miwili, akaegemea kwa uzito wake wote, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Saruji ikatoka pembeni ikameza ukingo. Norberto alifika anahema.

"Kinyanyue."

"Umechelewa, daktari."

"Bado ni mbichi! Kinyanyue, nakuambia, au nakinyanyua mimi." Akanyoosha mkono.

"Norberto Falcão," alisema Deolinda, akasogea kati yake na kaburi na ule mkoba wake. "Huyu aliye chini ulimng'oa meno mawili, na moja lilikuwa zima. Leo unataka kumng'oa na kingine?"

Mkono wa daktari ukarudi mfukoni. Lakini macho yake hayakurudi popote, yalikuwa kwa Evaristo. "Umekigeuza. Maji yamekulowesha, ushahidi huu hapa, una ua kichwani. Chini kuna nini? Sema kweli. Kuna jina?"

Evaristo alikuwa bado amepiga magoti. Alimtazama ndege, ndege akatazama nyuma.

"Kuna muhuri wa kinu," alisema. "Kama vyote."

"Na aliyechora?"

Lilikuwa jambo dogo, maneno machache tu, lakini kuyatoa kulikuwa kama kung'olewa jino bila ganzi. "Ni mkubwa wa karakana, daktari. Nimekitazama kwa karibu. Mkono ni wa mwanaume. Ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo."

Norberto alifungua mdomo akaacha wazi. Ushindi ulimjia ghafla mno hata akasahau chombo. "Utayasema hayo Jumamosi? Mbele ya watu?"

"Nitayasema."

"Juu ya meza?"

"Juu ya meza," alisema Evaristo.

Daktari aliondoka anachezesha fimbo. Mpaka alipotoka getini walimsikia anapiga mluzi, kwenye makaburi, mtu mzima.

Evaristo akarudi kulainisha saruji kwa kidole. Hakutaka Deolinda auone uso wake. Bibi aliinama nyuma yake, akasema kwa sauti ileile ya kuuliza bei, "Ongeza upande huu, bwana Evaristo. Huku umeweka kidogo."

Akaongeza.

"Chombo hiki nilikuwa nakiosha mimi, nyumbani, kabla sijakileta hapa," Deolinda alisema. "Huwezi kuosha chombo bila kukigeuza."

Kidole cha Evaristo kilisimama ndani ya saruji. Akageuka polepole. Deolinda alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Abílio alikuwa anatapika akivuka daraja tu," alisema. "Mkunga hakumgusa hata akiwa kwenye mchuzi."

Evaristo alikaa chini, juu ya kaburi la jirani, ambaye ni lazima alishangaa. "Bibi. Basi siku ile ulilia nini?"

"Nililia kwa sababu hakuna aliyewahi kunidanganya kwa bidii namna ile. Abílio alikuwa anadanganya kivivu. Nakwenda kutembea, nakwenda kutembea, miaka yote neno ni hilohilo. Hata sweta hakunitungia." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Mimi nilikuwa na Jumapili moja tu ya kuifikiria, yule mwanamke na shati safi. Wewe umeniletea nyingine. Naijua ni ya uongo. Lakini naifikiria hiyo, na nalala."

"Kwa nini basi ukakileta hapa?"

"Ningekivunja? Kizuri. Nikiweke sebuleni? Sina roho hiyo. Nikamwekea kichwani hapo akitazame mwenyewe." Alimwangalia Evaristo, na maji yanayomchuruzika, na ua lake. "Leo nilikupa nione utafanya nini. Nilijua hukuja kwa ajili ya Abílio. Ila sikujua kama utasoma ukanyamaza."

Evaristo alilitoa lile ua kichwani. Aliona aibu na raha kwa pamoja, na magoti yalimuuma.

"Na huyo mng'oa meno," Deolinda aliuliza huku akiinama kuokota maua, "ndiye anayesema mkubwa wa karakana ndiye mchoraji?"

"Ndiye."

"Mkubwa yule hakuweza kuchora hata duara. Rosália nilikuwa namwona sokoni, kucha zina rangi ya manjano, hajui mimi ni nani. Ndege wote ni wake." Alipanga maua ndani ya chombo moja moja, akayanyoosha. "Mkono wake ulikuwa mzuri, Mungu amsamehe. Ulipatia, bwana Evaristo. Tunajua mimi na wewe."

Jumamosi mkahawa ulijaa mpaka mlangoni, maana Norberto alikuwa amewatangazia wagonjwa wake wakiwa midomo wazi, wasioweza kukataa. Evaristo alivua viatu, akapanda. Kutoka juu aliona kila kitu: upara wa Norberto, ambao siku zote alikuwa anauficha kwa nywele za upande, Graciete na unga wake kwenye mikono, na kwenye meza ya pembeni Lucinda, aliyekuwa ameambiwa yote usiku wa Jumapili na kulia kidogo na kumpikia mumewe mayai bila sababu. Kando yake alikaa Deolinda, na nguo yake nyeusi, katikati yao sahani ya keki ngumu.

"Nilikuwa mjinga," alisema Evaristo kwa sauti. "Ndege hakuchorwa na mwanamke."

Watu walipiga makofi na meza. Norberto aliinama kushoto na kulia kama mtu aliyeimba. Deolinda naye alipiga makofi, kwa muda mrefu kuliko wote, anamtazama aliye juu ya meza.

Lucinda alimpa mkono ashuke. Deolinda alimmiminia kahawa, akamsogezea kikombe, na kwa mara ya kwanza maishani Evaristo akakiacha kama kilivyo.

"Kesho usichelewe," bibi akamwambia. "Uje na mkeo. Na yule mkunga, safari hii mwache atoroke."